Mawe na Mchanga katika Tangi la Samaki

Kando ya vijito vya Kwamkoro, katika milima ya Usambara Mashariki, utaona maji maangavu yakipita juu ya mawe na mchanga. Vijito vingi vya milima hiyo huingia katika Mto Sigi. Mto huo humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na Tanga. Samaki huishi mtoni na baharini, lakini mawe na mchanga wa mtoni si sawa na wa baharini. Katika somo hili utajifunza kuyachagua na kuyapanga katika tangi la kioo, ili samaki wako wasife.

JARIBIO: Kutambua mawe yenye chokaa

Vifaa: jiwe la kijitoni, ganda la yai, ndimu.

1. Osha jiwe na ganda, kisha yakaushe.
2. Kamulia matone machache ya ndimu juu ya kila kimoja.
3. Tazama kwa makini. Andika uliyoyaona.

Ganda la yai limetoa viputo. Ganda hilo lina chokaa. Asidi ya ndimu ikigusa chokaa, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka. Mawe ya matumbawe na mchanga mweupe wa pwani nayo hutoa viputo, kwa sababu yametokana na viumbe wa baharini wenye chokaa. Mawe ya milima ya Usambara kwa kawaida hayatoi viputo.

Chokaa huyeyuka polepole na kuzuia maji yasizidi asidi. Kwa hiyo mawe ya matumbawe yanafaa katika tangi la maji ya bahari. Kwa samaki wa vijito vya mlimani, chagua mawe yasiyotoa viputo.

KUPANGA TANGI

Nenda kijitoni pamoja na mwalimu. Msitu wa Kwamkoro umo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Usichukue kitu chochote ndani ya hifadhi. Chukueni mawe na mchanga kidogo nje ya hifadhi, kwa idhini ya wenyeji.

1. Weka tangi tupu juu ya meza imara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 50 likijaa halifai kuhamishwa.
2. Osha mchanga kwa maji matupu mpaka maji yatoke safi. Usitumie sabuni.
3. Weka mawe makubwa kwanza, taratibu, juu ya sakafu ya tangi. Yatikise kwa mkono. Jiwe linalocheza lipangwe upya.
4. Mwaga mchanga kuzunguka mawe, kina cha sentimita 3 hadi 5.
5. Weka sahani juu ya mchanga. Mimina maji ya kijito juu ya sahani, ili mchanga usitibuke.

Kwa nini mawe hutangulia mchanga? Perege dume huchimba shimo mchangani kutengeneza kiota. Jiwe lililosimama juu ya mchanga litaanguka, limponde samaki au livunje kioo.

KWA NINI TUSUBIRI?

Maji yanaonekana safi, lakini usitie samaki siku hiyo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Mtoni, maji mengi huichukua. Katika tangi hubaki pale pale, na samaki hufa.

Bakteria wadogo wasioonekana kwa macho huishi juu ya mawe na mchanga. Aina moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Aina nyingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Katika muda huo tia punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku chache, ili bakteria wapate amonia. Kisha tia samaki wadogo wawili tu. Badilisha sehemu ya maji kila wiki.

Tangi la maji ya bahari hupangwa kwa utaratibu huo huo. Maji yake huwa na chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Lakini usivunje matumbawe yaliyo hai. Matumbawe ni wanyama, na samaki wengi hujificha na kuzaana humo.

KUMBUKA: Mawe na mchanga si pambo. Ni makazi ya samaki na ya bakteria wanaosafisha maji.

MASWALI

1. Kwa nini ganda la yai lilitoa viputo?
2. Mwanafunzi alitangulia kuweka mchanga, kisha mawe. Eleza hatari iliyopo.
3. Tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa, maji yake yana uzito wa kilo ngapi?
4. Samaki waliotiwa katika tangi jipya walikufa baada ya siku tatu, ingawa maji yalikuwa maangavu. Huenda sababu ni nini?