Shule ya Uandishi wa Habari: Yanayofanyika Humo na Nafasi Zilizopo

Mwanafunzi mwenzangu, kila tunapoulizwa darasani tunataka kuwa nani, hakosekani wa kusema atakuwa mtangazaji. Ukimwuliza atafikaje huko, atakwambia eti ana sauti nzuri. Wengine huchukulia kwamba uandishi wa habari ni kazi ya waliokosa kazi nyingine. Katika makala haya nitaeleza shule ya uandishi wa habari ya chuo kikuu ni kitu gani, mwanafunzi wake huishi vipi, kuna nafasi gani na matatizo gani. Hoja yangu ni moja: shule ya aina hii ni karakana. Anayeingia akiwa amezoea kuandika na kuuliza hufaidi zaidi ya anayeingia na sauti peke yake. Na hayo tunaweza kuyaanza tukiwa hapa hapa.

1. Asili yake

Zamani mtu alijifunzia kazi hii kazini. Kijana aliajiriwa katika kiwanda cha kupiga chapa, akasafisha, akapanga herufi, na akibahatika akaanza kuandika. Ndivyo alivyoanza Walter Williams wa jimbo la Missouri, Marekani. Hakupata digrii ya chuo kikuu, lakini alifika kuwa mhariri, naye ndiye aliyeanzisha shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Missouri. Shule hiyo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya somo hili katika chuo kikuu.

Hebu tazama jambo hili. Shule ilifunguliwa tarehe 14 Septemba 1908, na siku hiyo hiyo wanafunzi wakatoa gazeti! Hawakungoja wasome kwanza miaka mitatu ndipo waguse kalamu. Gazeti hilo, ambalo sasa huitwa Columbia Missourian, huandika habari za mji mzima, wala si za chuo tu. Chuo hicho pia kina kituo cha televisheni, KOMU, kilichoanza mwaka wa 1953, ambacho wenyeji hukitazama kama kituo kingine chochote. Wanafunzi hufanya kazi humo chini ya wahariri ambao pia ni walimu wao. Ukikosea jina la mtu, hukosi alama peke yake. Mwenye jina anapiga simu kulalamika.

Mwaka wa 1912 Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilifungua shule yake kwa fedha alizoacha mwenye magazeti Joseph Pulitzer. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule ya uandishi wa habari mwaka wa 1970. Siku hizi masomo ya habari na mawasiliano hutolewa pia katika vyuo kama Moi, Maseno, Masinde Muliro na Daystar.

2. Maisha ya mwanafunzi

Digrii nchini Kenya huchukua miaka minne. Dada mmoja jirani yetu, aliye mwaka wa tatu, alinieleza kwamba mwaka wa kwanza uliwashangaza wengi. Walidhani wataingia studio. Badala yake walikutana na historia ya vyombo vya habari, sheria, maadili na sarufi. "Studio utaiona," aliniambia, "lakini kwanza ujue kuandika sentensi moja ambayo mhariri hataifuta."

Sheria si somo la kupita nalo haraka. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini uhuru huo una mipaka. Ukimkashifu mtu anaweza kukushtaki. Tena kuna maadili ya kazi: usilipwe ili uandike au uache kuandika, usimwonyeshe mtoto aliyedhulumiwa, mpe nafasi ya kujibu yule unayemlaumu.

Kisha huja kazi yenyewe. Mwanafunzi hutumwa nje: sokoni, mahakamani, uwanjani, kwenye mkutano wa kaunti. Anarudi na daftari, na ana saa mbili tu za kuandika. Akichelewa, habari yake imekufa. Si mchezo! Baadaye huenda uanagenzi, yaani mazoezi ya kazini, katika gazeti, redio, televisheni au ofisi ya mawasiliano.

3. Mfano wa somo

Ili tusiongee hewani, hebu tufanye somo moja. Habari hujibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Tuseme upepo umeng'oa paa la darasa. Wengi wetu tungeandika insha hivi:

"Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema. Mawingu yalikuwa yametanda angani na ndege walikuwa wakiimba. Tulikuja shuleni kama kawaida bila kujua yatakayotupata..."

Kwa insha ni sawa, lakini kwa habari msomaji hajaambiwa kitu. Mwandishi wa habari angeanza hivi:

"Wanafunzi 43 wa kidato cha kwanza wanasomea chini ya mwembe tangu Jumatatu, baada ya upepo mkali kung'oa paa la darasa lao."

Sentensi moja, na tayari tunajua nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Mambo makubwa huwekwa juu na madogo chini. Kwa nini? Kwa sababu ukurasa ukijaa, mhariri hukata kutoka chini. Ukiwa umeweka paa chini na ndege juu, msomaji atapata ndege.

Hapo kazi haijaisha. Nani aliwahesabu hao 43? Usikadirie, tazama rejista. Mkuu wa shule anasema paa litaezekwa lini? Fundi anasema mbao zilikuwa zimeoza? Kama ndivyo, upepo si sababu pekee, na pengine hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Huku ndiko kuthibitisha, na ndiko kunakomtofautisha mwandishi wa habari na mtu anayesambaza uvumi kwa simu.

4. Nafasi zilizopo

(a) Chuoni kwenyewe. Vyuo vingi vina magazeti na redio za wanafunzi. Kazi zako zenye jina lako ndizo utakazomwonyesha mwajiri. Cheti kinasema ulisoma. Kazi zinaonyesha unaweza.

(b) Kazini. Anayehitimu si lazima awe mtangazaji. Kuna ripota, mhariri, mpiga picha, mtayarishaji wa vipindi, msomaji wa prufu, na afisa wa mawasiliano katika kaunti, hospitali au shirika.

(c) Kwa Kiswahili. Hapa nawaomba wanachama wenzangu mtege masikio. Taifa Leo ni gazeti la kila siku la Kiswahili. KBC ina idhaa ya Kiswahili, na redio nyingi za kibiashara hutangaza kwa lugha hii. Nje ya nchi, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka wa 1957, na ile ya Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka wa 1963. Umoja wa Mataifa nao hutoa habari kwa Kiswahili. Vyombo hivyo vinahitaji mtu anayeweza kusoma ripoti ndefu ya bajeti kwa Kiingereza, kisha akamweleza mama mboga kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wanaojua Kiingereza ni wengi. Wanaoweza kufanya hilo la pili ni wachache. Usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Matatizo

Sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwanza, kuna gharama. Mbali na karo, mwanafunzi anahitaji kompyuta na nauli, na uanagenzi mara nyingi hauna malipo. Pili, kazi zimepungua. Matangazo ya biashara yamehamia kwenye intaneti, na vyombo kadhaa vimepunguza wafanyakazi. Mwaka wa 2016 redio ya Kiswahili ya QFM ilifungwa. Tatu, ukweli una wenyewe wasioupenda, na mwandishi anaweza kutishwa.

Tena, mlango haukuwa wazi kwa kila mtu siku zote. Mwaka wa 1939 Lucile Bluford, mwandishi Mmarekani mweusi, alikubaliwa kwa barua kusomea shahada ya pili katika shule ile ile ya Missouri. Alipofika na kuonekana ni mweusi, alikataliwa. Alikwenda mahakamani, na hata hivyo hakusoma hapo. Lakini hakuiacha kazi. Alikuwa mhariri wa gazeti la Kansas City Call kwa miaka mingi. Mwaka wa 1989 chuo hicho kilimtunukia shahada ya heshima. Funzo ni kwamba shule ni msaada mkubwa, lakini haina uwezo wa kukunyima kazi uliyokwisha kuijua.

Hata nyumbani mambo si rahisi. Nilipomtajia baba somo hili, alinijibu, "Nikusomeshe miaka minne ukajifunze kuongea? Siku hizi si kila mtu ana simu, kila mtu ni mwandishi?" Nilimwambia, "Baba, ndiyo maana anahitajika mtu wa kuhakikisha. Ile habari ya mbolea ya bei nafuu uliyotumiwa kwenye simu mwezi uliopita, si ulipanda matatu hadi mjini ukakuta ni uongo?" Baba hakukubali, ila alisema tutazungumza matokeo ya kidato cha nne yakitoka. Yeye anawaza nauli na karo, na ana haki. Kwa hivyo ni juu yangu kumwonyesha kazi, si ndoto.

6. Njia ya kuingia

Ili kujiunga na chuo kikuu kwa digrii, unahitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE. Kila kozi ina masharti yake ya masomo, hasa lugha, kwa hivyo yasome mapema katika orodha ya KUCCPS. Asiyejiweza anaweza kuomba mkopo wa HELB. Anayekosa C+ asikate tamaa. Kuna diploma na vyeti, kwa mfano katika taasisi ya mawasiliano ya umma ya KIMC, Nairobi, na wengine huendelea na digrii baadaye. Penye nia pana njia.

7. Mapendekezo

Sisi wa shule ya kutwa tuna faida moja ambayo wa mabweni hawana: kila siku tunapita katikati ya habari. Tunaona daraja lililobomoka, foleni ya maji, bei ya unga. Kwa hivyo napendekeza:

(i) Chama chetu kianzishe gazeti la ukutani, litolewe kila Ijumaa, kurasa nne za karatasi ya kawaida.
(ii) Kila habari iwe na watu wawili waliohojiwa, na majina yao yaandikwe sawasawa.
(iii) Mwalimu mlezi awe mhariri mkuu, akate bila huruma.
(iv) Tusome gazeti, hata lile la jana lililofungiwa nyama buchani, tukitafuta maswali sita katika kila habari.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wale wa Missouri walitoa gazeti siku ya kwanza ya shule. Sisi tumeshafika kidato cha tatu.

Maswali ya zoezi

1. Taja maswali sita ambayo habari inapaswa kuyajibu.
2. Kwa nini mambo muhimu huwekwa mwanzoni mwa habari?
3. Andika sentensi moja ya kufungulia habari kuhusu jambo lililotokea mtaani kwenu wiki hii. Utamhoji nani ili kuthibitisha?
4. Jadili: "Kila mwenye simu ni mwandishi wa habari."