Chini ni Wapi? Somo kwa Wanaochimba Visima

Ndugu mkulima, chukua kamba nyembamba, funga jiwe mwishoni, kisha uishike na kuliacha jiwe litulie. Hiyo ndiyo timazi, na mafundi wa kujenga nyumba wanaijua sana. Kamba hiyo yakuonyesha chini ni wapi, na yaonyesha vizuri kuliko macho yako.

Macho hudanganywa na mteremko. Mtu akichimba kisima mahali palipoinama, mara nyingi hufuata uso wa ardhi na kupiga jembe kulingana nao, akidhani kwamba anakwenda chini. Kumbe anakwenda upande. Ikiwa shamba lake lashuka mita 1 katika kila mita 10, basi akifika kina cha mita 10, sakafu ya kisima itakuwa imesogea mita 1 nzima kuelekea upande wa juu wa mteremko. Udongo wa upande ule sasa umening'inia juu ya kichwa chake bila kitu cha kuuzuia. Tena ndoo ikivutwa, hukwaruza ukuta wa upande wa pili na kumwangushia mawe. Kisima cha namna hiyo chaweza kumzika mtu, hasa wakati wa mvua udongo unapokuwa mzito.

Sasa, timazi yenyewe yaelekea wapi? Yaelekea kitovu cha dunia. Dunia ni mviringo kama chungwa, na kila kipande chake huvuta vitu. Hata udongo wa shamba lako huvuta kidogo. Mivuto hiyo yote ikijumlishwa, huelekea katikati, umbali wa kilomita 6,371 hivi chini ya miguu yako. Kwa sababu hiyo timazi ya Mombasa na timazi ya Kisumu hazielekei upande mmoja. Zimepishana kwa digrii 6 na zaidi kidogo, ingawa kila fundi ana haki ya kusema kwamba ukuta wake umesimama wima.

Watoto wa shule hupenda kuuliza: tukichimba bila kuacha tutatokea wapi, na je, tutatoka vichwa chini? Kutoka Kenya tungetokea katika Bahari ya Pasifiki. Wala tusingetoka vichwa chini. Safari ingekuwa ya kushuka mpaka kitovuni. Huko dunia ingetuvuta kutoka pande zote kwa nguvu sawa, na gunia la mahindi lisingekuwa na uzito wowote. Mahali pale hakuna chini. Kila upande ni juu. Ukipita hapo hatua moja tu, kazi yageuka kuwa ya kupanda, ingawa hukugeuza uso wala jembe. Na mvuvi wa upande ule tungemkuta amesimama katika mashua yake, miguu ikielekea kitovu kama yetu.

Hakuna aliyechimba hata karibu na huko. Wasovieti walianza kutoboa ardhi katika rasi ya Kola mwaka 1970, na mwaka 1989 wakafika kina cha mita 12,262, katika tundu lisilozidi upana wa sahani. Huko walikuta joto la digrii 180, likawashinda. Kina hicho hakifiki hata sehemu moja katika mia tano ya njia ya kwenda kitovuni. Hapa kwetu Olkaria, karibu na Naivasha, visima virefu hutoa mvuke wa moto ambao umetumika kuzalisha umeme tangu mwaka 1981.

Kisima cha shambani hakina haja ya kina hicho, lakini chataka unyofu. Lazeni mti juu ya mdomo wa shimo, pigeni vigingi mwanzoni na mwishoni mwake ili urudishwe mahali pale pale kila mara, kisha tieni alama katikati. Kila mnapochimba mita 1, mchimbaji atoke, nanyi mshushe timazi kutoka kwenye alama. Ikitulia, ashuke na kupima kwa kijiti kutoka kamba hadi ukuta, pande nne. Vipimo vikitofautiana, shimo limepinda. Upande ulio karibu na kamba uchongwe kabla ya kuendelea, na upande ulioning'inia utegemezwe kwa mbao. Mti wenyewe si lazima ulale sawasawa. Kamba haijali.