Prosesa ya Gemu: Soma Nambari Kamili Kabla ya Kulipa

Vijana wengi wanaotafuta kompyuta ya kuchezea gemu na kurusha mchezo moja kwa moja mtandaoni huuziwa jina tu: "i7". Jina hilo pekee halitoshi. Core i7-4770 ilitoka mwaka wa 2013, nayo Core i3-12100 ikatoka 2022. Zote zina viini 4, lakini i3 hiyo ina kasi zaidi. Isitoshe, i7 hiyo haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025.

Anayerusha mchezo huipa prosesa kazi mbili: kuendesha gemu na kubana video. Kwa hivyo viini 6 vinafaa kuliko 4. Mwenye kadi ya GeForce RTX hupata nafuu, kwa kuwa kadi yenyewe hubana video.

Herufi ya mwisho pia ina maana. Core i5-12400F haina grafiki za ndani. Bila kadi, skrini haitaonyesha chochote. Ryzen 5 5600G inazo, hivyo mwenye pesa kidogo anaweza kuanza nayo na kununua kadi baadaye.

Kabla ya kulipa:

• Omba kompyuta iwashwe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Katika sehemu ya CPU, soma jina kamili la prosesa.
• Ukinunua prosesa peke yake, hakikisha ubao mama wako unaikubali.
• Dai risiti yenye nambari hiyo.