SOMO LA VIJANA: Wivu katika Kikundi cha Kujisomea



Mwezi huu nimeombwa niandike somo kwa vijana wanaojisomea pamoja, na ombi lenyewe limetokana na jambo la huku kwetu, kando ya Ghuba ya Chole. Walikuwapo vijana watano wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wanne wa Utende na binti mmoja wa kisiwani Chole. Walikutana barazani pangu mara tatu kwa juma, tena si kwa saa moja maalumu bali kwa kufuata maji, maana wa Chole havuki ila kwa chombo. Sasa hawakutani. Ukiwauliza sababu, kila mmoja atakuambia ni maji. Lakini maji ya ghuba hii nayajua tangu nilipohamia hapa, nayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba yule binti alianza kufuatwa na chombo cha kijana huyu badala ya chombo cha yule.

Sitawataja, wala somo hili haliamui nani ampende nani. Nitaanza mbali kidogo, huko Marekani, kwa sababu mjukuu wangu alipokuja likizo alinionyesha katika simu yake mchezo wa vichekesho ambao wahusika wake ni kikundi cha kujisomea kama hicho chetu. Jina lake ni Community. Ulianza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2009 ukaisha mwaka 2015, michezo 110 kwa jumla. Mtunzi wake, Dan Harmon, ameeleza ya kwamba aliyaona mambo hayo mwenyewe: alijiandikisha katika chuo cha Glendale, karibu na Los Angeles, ajifunze Kispania pamoja na mpenzi wake, akitumaini kuuokoa uhusiano wao. Akajikuta ndani ya kikundi cha kujisomea, na watu ambao hakufanana nao kwa lolote wakawa rafiki zake.

Katika mchezo, kikundi kinaanza kwa uongo. Jeff Winger, mwanasheria aliyegunduliwa kwamba shahada yake si halali, anajifanya mwalimu wa Kispania ili apate nafasi ya kukaa na Britta. Britta anamwalika kijana Abed, Abed anawaalika wengine, na Jeff aliyetaka meza ya watu wawili anapata meza ya watu saba. Nilicheka sana hapo. Walimu wenzangu watakubali kwamba vikundi vingi tulivyovisimamia vilianza hivyohivyo, mtu akiwa na kitabu mkononi na jambo jingine moyoni.

Sehemu ninayotaka tuisome ni ile iliyoonyeshwa tarehe 4 Februari 2010. Annie, binti mdogo kuliko wote mezani, anaanza kupendana na Vaughn, kijana wa nje ya kikundi aliyewahi kuwa mpenzi wa Britta. Annie anafanya adabu: anamwuliza Britta kwanza kama ataumia. Britta anasema hapana. Kisha Britta na Jeff wanakaa faraghani na kukubaliana ya kwamba jambo hili halifai, Annie ni mtoto, yapasa alindwe. Hawamwambii. Wanamsogeza Troy, ambaye Annie alimpenda tangu sekondari, awe chambo cha kumtoa kwa Vaughn. Hila inapofichuka, meza nzima inageuka baraza la mashtaka. Jeff anasema wao ni kama jamaa moja. Mara watu wanaanza kutazamana usoni, na kila mmoja anaona ya kwamba jamaa moja hawatazamani namna ile.

Tafadhali, msomaji, usiipite haraka habari hii. Je, ni mapenzi yaliyokivuruga kikundi kile? Annie alipenda waziwazi, akaomba ruhusa hata pale ambapo hakulazimika. Uharibifu ulitoka kwa wale wawili waliojiita walinzi. Britta hakumtaka tena Vaughn, ila hakupenda apatikane na mwingine. Na Jeff alikuwa na lake, kama mwisho wa mwaka ule wa kwanza wa mchezo unavyoonyesha, kwa maana ni yeye anayembusu Annie. Wivu ukasemwa kwa sauti ya huruma. Tena ukasemwa kwa jina la kikundi, na hapo ndipo unapokuwa mgumu kuupinga, kwa kuwa nani atapinga faida ya wote?

Nalijua jambo hili kwa sababu nimelifanya.

Mwaka 1980 nilikuwa katika chuo kimoja cha ualimu bara, nikisomea Daraja la IIIA. Tulikuwa sita, wanaume wanne na wanawake wawili, na tulisoma usiku kwa taa ya chemli katika darasa la mwisho karibu na bustani ya chuo. Mmoja wa wale dada ndiye aliyetubeba katika Hisabati. Alikuwa na namna ya kuichora hesabu katika vumbi la sakafu kwa kijiti, hata mzito kuliko wote akaielewa, na mzito kuliko wote hakuwa mimi, ingawa nilimkaribia. Nilimpenda dada huyo nisimwambie. Kisha mwenzetu mmoja wa kikundi akaanza kumsindikiza mpaka karibu na bweni. Nikamwendea yule dada kwa upole, nikamwambia kama kaka ya kwamba kijana yule ana mchumba kwao. Sikuwa nimesikia habari hiyo popote. Nilisema, "Nakuambia kwa ajili ya masomo yetu." Akaniamini.

Ukweli ulijulikana baada ya majuma mawili. Hakunigombeza, alikoma tu kuja. Yule kijana naye hakuja. Wazee wa huku husimulia kisa cha Kua, mji ambao magofu yake yako Juani, jinsi watu wa Kisimani walivyoalikwa arusini, wakaketishwa katika chumba cha chini, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja, taratibu, mpaka akabaki mzee mmoja wa kuwazungumza wageni wakati mlango unazibwa. Kisa kile ni cha kisasi, nacho kina mengi zaidi ya hayo, lakini ile namna ya kutoka mmoja mmoja nilipoisikia mara ya kwanza niliikumbuka chemli yetu. Mwishoni tulibaki wawili. Mimi nilirudia karatasi ya Hisabati. Mwenzangu, yule mzito, alianguka kabisa akarudi kwao bila cheti, naye hakujua kamwe kwa nini mwalimu wake wa vumbini aliacha kuja. Yule dada nilimwomba radhi miaka mingi baadaye, tulipokutana kituoni kusahihisha mitihani. Alicheka, akasema amekwisha kusahau. Yule mwenzangu sikumwona tena.

Turudi ghubani. Vijana wawili wamenuniana, na wote wawili bado wanasoma, kila mmoja kwake. Asiyesoma ni binti, kwa kuwa habari ilifika Chole na baba yake amemkataza kuvuka. Hofu ya wazazi naielewa. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza utaratibu wa kuwarudisha, msichana aliyepata mimba alipoteza nafasi yake shuleni. Lakini huyu hajakosa lolote. Nimeuliza habari ilipelekwa Chole na nani, nikajibiwa ni rafiki wa kikundi, aliyekuwa "anamwonea huruma."

Nawaomba vikundi vyenu vizungumze juu ya mambo haya, wavulana na wasichana wakiwa pamoja. Annie alipaswa kumwomba Britta ruhusa, au ilikuwa adabu tu? Kama Britta angekiri mezani, "Naona wivu," kikundi kingefanya nini? Mtu akija kwako na neno juu ya mwenzako kwa faida yako, utamwuliza nini kabla ya kumwamini? Na ikiwa safari ya chombo ndiyo inayozusha maneno, kwa nini msipange zamu, au ninyi nyote msivuke mkasome Chole, mbele ya macho ya wazazi wake?

Hili la mwisho nimekwisha kulipeleka kwa baba yake. Amesema atafikiri. Daftari la Hisabati la binti liko kabatini kwangu, na mtihani ni Novemba.