UTANDO WA CHEMBE NYEKUNDU ZA DAMU, NA MALARIA YA MILIMANI

Mtu wa Kiogoro akishuka kando ya Ziwa Victoria kuuza ndizi zake, akalala huko siku mbili tatu, yawezekana akarudi kwake mzima, na baada ya juma moja au mawili akashikwa na homa kali hata asiweze kuinuka. Wenyeji waliomkaribisha, ambao huumwa na mbu mara nyingi kuliko yeye, waendelea na kazi zao. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba mwili uliokutana na malaria tangu utotoni hujifunza kupigana nayo, na mwili wa mtu wa milimani haukupata mafunzo hayo. Lakini sehemu nyingine imo katika damu yenyewe, katika chembe nyekundu na utando mwembamba unaozifunika.

Chembe hizo ndizo ziipazo damu rangi yake. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Katika kitone cha damu chenye milimita moja kwa urefu, upana na kimo, zimo chembe kama milioni 5. Umbo la kila moja ni la duara, iliyobonyea katikati pande zote mbili, na zikipangwa mstari mmoja, kama 130 hivi ndizo zijazazo milimita moja. Chembe iliyokomaa haina kiini. Huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na nyingine hushika nafasi yake.

Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walichukua chembe nyekundu za wanadamu na za wanyama, miongoni mwao mbuzi na kondoo, wakayatoa mafuta ya utando wake na kuyatandaza juu ya maji. Mafuta hayo yalienea eneo kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakatambua kwamba utando umefanywa kwa tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. (Baadaye ilionekana kwamba hesabu yao ilikuwa na makosa mawili, moja likalifuta jingine, na jibu likatokea sawa!) Ndani ya tabaka hizo zimepachikwa protini, na chini yake umefungwa wavu wa nyuzi za protini iitwayo spektrini. Utando wote ni mwembamba mno hata tando 10,000 zikiwekwa moja juu ya nyingine ndipo zifikiapo unene wa karatasi ya daftari.

Wavu huo ndio uwezeshao chembe kujikunja bila kupasuka. Mishipa midogo kabisa ya mwili ni myembamba kuliko chembe yenyewe, nayo hupita humo kwa kujikunja, kisha hurudia umbo lake. Katika bandama njia ni nyembamba zaidi, na chembe iliyokuwa ngumu haipiti; hukamatwa na kuharibiwa humo.

Basi, kijidudu cha malaria kinapotoka katika ini kuingia damuni, chahitaji mlango, na mlango wake ni utando huo. Hugusa chembe, hujigeuza mpaka ncha yake ielekee utando, hujishika, kisha hujisukuma ndani, na kwa muda wa dakika moja hivi kimekwisha kujificha. Humo hula hemoglobini, na katika malaria kali zaidi, iitwayo falsiparamu, baada ya saa 48 chembe hupasuka na kutoa vijidudu 16 au zaidi. Kabla ya kupasuka, utando wa chembe hiyo huwa mgumu tena wenye kunata, ikajibandika katika kuta za mishipa. Hayo yakitokea katika ubongo, mgonjwa huweza kupatwa na degedege na kupoteza fahamu.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme leo chembe 1 kati ya 10,000 ina kijidudu, na kwamba kila kijidudu chafaulu kuacha wengine 10 watakaopata chembe mpya. Baada ya siku 2 itakuwa chembe 1 kati ya 1,000. Baada ya siku 4, 1 kati ya 100. Baada ya siku 6, 1 kati ya 10, nayo ni hali ya kuhatarisha maisha. Mzazi angojaye Jumatatu ipite hata Jumapili aone kama homa ya mtoto itapoa yenyewe, angoja hesabu hii. Kipimo cha tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20.

Katika nchi ya Wagusii hatari hiyo yajulikana. Katika miaka ya 1990 malaria ilizuka kwa nguvu milimani magharibi ya Kenya, Kisii ikiwamo, nayo haikuwachagua watoto peke yao. Watu wazima pia waliugua sana, kwa kuwa kinga yao ilikuwa ndogo.

Bwana A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kuchunguza damu za makabila ya nchi hii. Aliona kwamba karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 wa baadhi ya makabila walibeba alama ya seli mundu, lakini katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga juu ya malaria, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mzito.

Alama ya Allison imo katika hemoglobini, ndani ya chembe. Nyingine imo katika utando wenyewe, nayo huitwa Dantu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba hupunguza hatari ya malaria kali kwa kadiri ya asilimia 40. Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI huko Kilifi, pamoja na wenzake wa Uingereza, walichunguza damu ya watoto 42 wa Kilifi, wakapiga picha za sinema za vijidudu vikigonga chembe. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi. Mpiga ngoma ataelewa mara moja: ngozi iliyolegea hubonyea kwa kidole, lakini ikiisha kuoteshwa moto hukataa. Kijidudu hugusa, husukuma, kisha hushindwa kuingia.

Hata katika chembe zisizo za Dantu, baadhi hukazika kuliko nyingine, nazo pia ni vigumu kuingiwa. Kwa hiyo wataalamu watafuta dawa itakayoukaza utando kidogo tu, bila kuizuia chembe kupita katika mishipa. Msomaji asidhani kwamba kadi yake ya kundi la damu, A, B, AB au O, itamwambia kama ana Dantu. Makundi hayo nayo ni alama za utando uo huo, lakini ni alama nyingine, na kipimo cha Dantu ni mbali na hicho.