Ukitishiwa, nani atakusindikiza?

Katika milima ya San José de Apartadó, kaskazini-magharibi mwa Kolombia, mkulima anayetishiwa maisha akishuka mjini kufuatilia kesi yake, huenda akaongozana na mgeni mwenye fulana ya nembo, simu na daftari. Hana hata kisu. Ni mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Brigades International (PBI), shirika lililoanzishwa Kanada mwaka 1981, ambalo husindikiza watetezi wa haki.

Anayetaka kuua huzuiwa vipi na mtu asiye na silaha? Kabla ya safari, wasindikizaji huwaarifu jeshi, polisi na balozi: fulani anakwenda mahali fulani, nasi tuko naye. Anayepanga ubaya ajue kwamba kabla jua halijazama habari zitakuwa zimefika Madrid na Berlin, na mawaziri wataulizwa maswali. Ulinzi wenyewe umo katika simu hizo zaidi ya mwili wa mgeni. Ndiyo maana pasipoti ya Ulaya hugeuka ngao, jambo lisilo la haki hata kidogo, lakini linalotumiwa hivyo hivyo.

Njia hii ilikomazwa Guatemala. Mwaka 1985 viongozi wawili wa GAM, kikundi cha ndugu wa watu waliotoweka, waliuawa katika muda wa siku chache. PBI ikaanza kuwasindikiza viongozi waliobaki usiku na mchana. Wageni nao hawakusalimika: mwaka 1989 watatu walichomwa visu barabarani, wakapona.

Usiitegemee njia hii kupita kiasi. San José ilikuwa na wasindikizaji, lakini Februari 2005 watu wanane, watoto wakiwemo, waliuawa huko. Msindikizaji hawezi kuwa katika kila shamba. Hata umaarufu si kinga. Mwaka 2015 Berta Cáceres wa Honduras, aliyepinga bwawa la Agua Zarca katika mto Gualcarque, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman pamoja na Phyllis Omido wa Mombasa. Tume ya haki za binadamu ya mabara ya Amerika ilikuwa imeitaka serikali imlinde. Machi 2016 aliuawa nyumbani kwake, na baadaye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya bwawa akatiwa hatiani. Usindikizaji hufaa pale tu mkubwa aliye nyuma ya muuaji anapokuwa na cha kupoteza: mikopo, misaada, au jina.

Ukiwa Afrika Mashariki, anza karibu. Kenya na Tanzania zina miungano ya kitaifa ya watetezi wa haki za binadamu, na Kampala kuna DefendDefenders inayohudumia kanda nzima. Front Line Defenders hupokea simu za dharura saa 24. PBI nayo ina kazi Kenya, pamoja na watetezi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare.

Kabla hujapiga simu, andika kila tishio: tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa, namba ya gari, na nani alishuhudia. Weka nakala kwa mtu asiyekaa nyumbani kwako. Utaulizwa nani hasa anakutisha na anamwogopa nani, na jibu la swali hilo la pili ndilo litakaloamua kama usindikizaji unakufaa. Kikundi chako kiwe kisichotumia nguvu. Wala usitarajie msindikizaji akuandikie hotuba au akuamulie mkakati. Kazi ni yako. Yeye yupo ili uweze kuifanya.

Kwa anayetaka kwenda kusindikiza wengine Kolombia, PBI huhitaji Kihispania cha kutosha, mafunzo, na kwa kawaida angalau mwaka mmoja wa kukaa huko. Sehemu kubwa ya mwaka huo hupita ofisini, katika mikutano na makamanda, na kwenye benchi nje ya mahakama.