Kununua kwa Fedha Kidogo Bujumbura

Sisi wa Kasulu na Kibondo ni majirani wa Burundi. Ukitoka Kasulu unapita Manyovu, unavuka mpaka, kisha unafuata kando ya Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Huo ni mji mkubwa. Vitu ni vingi, na fedha huisha upesi.

Umeuza maharage. Una shilingi 100,000. Unasikia kwamba vitenge ni rahisi kule. Je, uende? Kwanza shika kalamu. Bei hizi ni za mfano tu.

Kitenge kimoja Kasulu ni shilingi 25,000. Bujumbura ni shilingi 20,000. Nauli, chakula na malazi ni shilingi 40,000. Zikitoka hizo, zinabaki 60,000. Unapata vitenge 3. Lakini vitenge 3 hapa Kasulu ni shilingi 75,000 tu. Wewe umetumia 100,000. Umepata hasara ya shilingi 25,000.

Sasa fanyeni ushirika. Watu wanne mtume mmoja wenu. Kila mtu atoe 60,000 za vitenge na 10,000 za safari. Kila mmoja atapata vitenge 3 kwa shilingi 70,000. Ulizeni mapema ushuru wa forodha Manyovu, muuongeze katika hesabu.

Wewe uliyetumwa, shika haya:

1. Funga nauli ya kurudi mbali na fedha ya soko. Usiiguse. Anayekwama ugenini huuza mali yake kwa bei ya kutupa.

2. Badili fedha benki au kwenye duka lenye leseni. Uliza kiwango cha siku hiyo. Soma kila noti. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Burundi iliondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000. Ukipewa ya zamani, umepewa karatasi.

3. Uliza bei: "Ni angahe?" Kiha na Kirundi ni ndugu, na katika mtaa wa Buyenzi wengi husema Kiswahili. Lakini bei ikitajwa kwa Kifaransa, mpe muuzaji daftari aandike. Tarakimu ni zilezile.

4. Uliza maduka matatu kabla ya kununua.

5. Pima kitenge kabla ya kulipa. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu.

6. Andika kila ulichonunua na bei yake. Wenzako watataka hesabu.

Zamani mtu asiyejua kusoma alihesabiwa na wengine. Leo unajua. Hesabu mwenyewe, tena kabla ya kupanda gari.

Maswali

1. Kwa nini aliyekwenda peke yake alipata hasara?
2. Ikiwa shilingi 1 ni faranga 2, sufuria ya faranga 30,000 ni shilingi ngapi?
3. Ushuru ukiwa shilingi 24,000 kwa vitenge vyote 12, je, ushirika bado una faida? Jadilini darasani.